Mbegu Nyekundu ya Dodoma

Katika maandishi ya wataalamu wa vinasaba kuna herufi nne zinazojirudia: DodR. Huziona kwenye majedwali yao, zimepangwa na majina mengine yaliyofupishwa vivyo hivyo: S19-3 ya Namibia, DipC ya Botswana, Uniswa Red ya nchi iitwayo leo Eswatini, Tiga Nicuru ya Mali. Asiyeambiwa hawezi kujua kwamba DodR ni Dodoma Red, yaani nyekundu ya Dodoma, na kwamba kinachozungumzwa hapo ni njugu mawe. Ni zilezile zinazochemshwa na maganda yake zingali mbichi, zikatiwa chumvi kidogo, watoto wakakaa kuzimenya mpaka sufuria inabaki maji matupu. Zikikauka zinakuwa ngumu kama jina lake, na mpishi asiyeziloweka tangu usiku atamaliza kuni za siku mbili.

Safari ya mbegu hiyo, kutoka shamba la Ugogo, nchi ya Wagogo kuzunguka Dodoma, hadi nyumba za vioo za Uingereza, ilianza rasmi miaka ya 1990. Lakini kuieleza kuanzia hapo ni kuwadhulumu walioitunza. Inabidi kurudi nyuma, kwenye njaa.

Dodoma hupata mvua ya milimita mia tano na sabini hivi kwa mwaka, na zote huja katika msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Zikichelewa hakuna vuli wala masika ya pili ya kufidia. Kwa hiyo historia ya nyanda hizi inahesabiwa kwa njaa, na kila njaa ina jina lake. Iliyo nzito kuliko zote ni Mtunya. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Waingereza walipoiteka Dodoma mwaka 1916 wakaendelea kuchukua. Kisha mvua ikakatika, na nyuma yake yakaja mafua makuu ya 1918. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeifanyia njaa hiyo utafiti wa miaka mingi, anakadiria kwamba katika watu 150,000 hivi wa Ugogo walikufa 30,000. Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi wa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954, alizaliwa Dodoma mwaka 1917. Ni mtoto wa miaka ile.

Watu waliotoka kwenye msiba wa namna hiyo hawachagui mbegu kwa kubahatisha. Wanajua kwamba uwele utavumilia pale mahindi yatakaponyauka, na kwamba mtama ukikatiwa mvua hutulia, kisha huendelea ikirudi. Njugu mawe zilikuwa na kazi yake katika mpango huo. Zao lenyewe lilianzia Afrika Magharibi, kwenye maeneo ya mpakani mwa Nigeria na Kameruni, ambako hadi leo lipo la mwitu. Likaenea karibu kote kusini mwa Sahara karne nyingi kabla Wareno hawajaleta karanga kutoka Amerika ya Kusini. Kiswahili kimeyaweka yote mawili katika ukoo mmoja: karanga ni njugu nyasa, na hii ya zamani ni njugu mawe. Katika nyumba nyingi ni zao la akina mama. Mama ndiye anayelipanda, analipalilia, analifukulia udongo, na ndiye anayechagua za mbegu na kuziweka mbali na walaji.

Mizani ya mtu mzima wa Ugogo ilikuwa ni hiyo: mwaka mbaya ukifika, nini kitabaki? Wengine walikuja na mizani tofauti.

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali ya Uingereza wazo. Nchi yake ilikuwa imetoka vitani na haina mafuta ya kula ya kutosha. Karanga karibu nusu yake ni mafuta, na Tanganyika ina ardhi. Ukatumwa ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ukazunguka nchi kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege. Ripoti ikatoka kwamba ekari 3,210,000 zinaweza kulimwa karanga kwa mashine, na sehemu ya kuanzia ikawa Kongwa, mashariki mwa Dodoma, kwa sababu kulikuwa na uwazi na watu walikuwa wachache. Ningependa mtu mmoja katika ujumbe ule angeuliza kwa nini watu ni wachache.

Yaliyofuata yameandikwa sana. Matrekta mabovu yalinunuliwa kutoka ghala za jeshi la Marekani huko Ufilipino. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Reli ya tawi ikajengwa kutoka Msagali. Mibuyu ilikataa kung'oka, na udongo mwekundu wa Kongwa, mlaini wakati wa mvua, ulipokauka uligeuka saruji na kula plau. Msimu wa kwanza zilipandwa ekari 7,500 tu, na mavuno yakawa hafifu. Kiangazi kilipofika karanga zilibaki zimefungwa ardhini, hazichimbuliki. Januari 1951 serikali ya London iliufuta mpango, na hasara iliyoandikwa vitabuni ikawa pauni milioni 36.5.

Wengi huishia hapo, na Kongwa hubaki mfano wa ujinga wa wakubwa. Mimi naona kuna jambo la ndani zaidi. Njugu mawe zilikuwepo Ugogo, zilikuwa jamii ya mikunde kama karanga, zilizaa chini ya udongo kama karanga, na zilikuwa zimezoea jua la pale. Hazikutazamwa kwa sababu mafuta yake ni asilimia sita hivi tu. Kwa mwenye kiwanda hapo hakuna cha kukamua. Asilimia zilizobaki, yaani kiasi cha 19 za protini na zaidi ya 60 za wanga, ndizo zinazoifanya punje hiyo iwe mlo kamili kwa mtu asiye na nyama wala unga; lakini meli zilizokuwa zikisubiri bandarini hazikuja kuchukua shibe ya mtoto wa Kongwa.

Kulikuwa na mtu mmoja Kongwa ambaye kazi yake haikupotea. A. H. Bunting alikuwa mkuu wa wanasayansi wa mpango ule tangu 1947 hadi ulipofungwa. Matrekta yakizama, yeye na wenzake walikuwa wakikusanya aina za karanga na kuzitazama zinavyotoa matawi, zinavyochanua, zinavyolala ndani ya punje kabla ya kuota. Mwaka 1955 akachapisha uainishaji wa karanga zinazolimwa, na watafiti wa zao hilo waliutumia kwa miongo kadhaa baadaye. Namtaja kwa sababu alionyesha, katikati ya ghasia ile, utaratibu uliopaswa kutangulia. Kwanza unakusanya mbegu, kisha unaangalia. Trekta linakuja mwisho, kama linakuja.

Utaratibu huo ulianza kuufikia mtama kabla ya kuzifikia njugu. Hugh Doggett, aliyekuwa amefanya kazi ya mtama Tanganyika huko Ukiriguru, alihamia Serere nchini Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye kituo kilichohudumia Afrika Mashariki nzima. Huko ikatoka Serena, mtama mfupi unaokomaa mapema, uliozaliwa kwa kupandanisha mbegu ya Uswazi na mbegu ya Kenya iliyoitwa Dobbs, iliyojulikana kwa kustahimili gugu la kiduha. Punje yake ni ya kahawia na ina tanini, na tanini ni chungu, kwa hiyo kweleakwelea, ambao kundi lao likitua hubakiza mabua, huiacha na kwenda kwa jirani. Shida ni kwamba ulimi wa binadamu nao ni ulimi. Ugali wa Serena una rangi nzito na ukakasi, na mama wa Dodoma aliyezoea mtama mweupe aliipanda pembeni, akiba ya mwaka wa ndege. Watafiti walijifunza hapo kwamba mavuno mengi hayatoshi kumshawishi mtu anayekula alichopanda.

Baada ya Uhuru mizani ilibadilika tena. Vijiji vikaanzishwa, katika Dodoma kwa operesheni kubwa tangu 1971, na familia zikahama kutoka kwenye tembe zilizotawanyika, zikaacha mashamba ambayo udongo wake waliujua kwa miguu. Ukaja ukame wa 1973 na 1974, na baada yake kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Mahindi yalikuwa yameshakuwa chakula cha heshima. Mtoto aliyerudi shule na uwele kwenye bakuli alichekwa. Naamini aibu hiyo ilipoteza mbegu nyingi kuliko ukame wowote, maana mbegu isiyopandwa miaka miwili mitatu haipo tena.

Katikati ya miaka ya 1980 nchi za kusini mwa Afrika zilianzisha, pamoja na taasisi ya kimataifa ya ICRISAT, mpango wa pamoja wa mtama na uwele wenye makao yake Matopos, Zimbabwe. Mbegu zilizotoka huko zilijaribiwa Ilonga, Kilosa, na Hombolo, kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma. Mtama wa Tegemeo ulikwishatolewa miaka hiyo ya 1980. Mwaka 1994 ukaja uwele wa Okoa na Shibe. Mtama wa Pato ukafuata, kisha Macia mwaka 1999, mweupe, mfupi, wa mapema. Mwaka 2002 ikatolewa Wahi na Hakika, inayostahimili kiduha, iliyotokana na kazi ya Gebisa Ejeta, Mhabeshi wa Chuo Kikuu cha Purdue aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Tegemeo, Okoa, Shibe, Wahi, Hakika. Yasome majina hayo kwa mfululizo uone kama si dua. Waliozipa mbegu hizo majina walikuwa watu waliojua njaa ni nini.

Njugu mawe zilibaki nje ya yote haya. Hata jina lake la kisayansi lilihangaika: Linnaeus alilipa jina moja mwaka 1763, Du Petit-Thouars akalipa jingine alipoliona Madagaska, na ndipo mwaka 1980 Bernard Verdcourt, aliyewahi kufanya kazi miaka mingi kwenye hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki mjini Nairobi, akaliweka panapostahili, katika jenasi ya Vigna, pamoja na kunde na choroko. Kwa miaka mia mbili na zaidi sayansi haikuwa na hakika hata ndugu zake ni nani, wakati mkulima yeyote angemwambia mgeni kwamba jani lile ni la mikunde.

Mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya ilifadhili mradi wa kuzitazama njugu mawe kwa macho mapya kama chakula cha nchi kame. Chuo Kikuu cha Nottingham kilishirikiana na vyuo vya Botswana, Sierra Leone na Tanzania. Kwa Tanzania ni Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mbegu nyekundu zilizokusanywa Dodoma zikaingia kwenye majaribio hayo. K. P. Sibuga na A. J. P. Tarimo wa Sokoine, pamoja na wenzao wa Nottingham S. T. Collinson na Sayed Azam-Ali, walipanda aina za kienyeji kwa tarehe tofauti, wakapima jani, ua na punje. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Swali lao kubwa lilikuwa ni lini zipandwe. Swali hilo hujadiliwa kila Desemba katika vijiji vyote vya wilaya za Chamwino na Bahi, watu wakitazama mawingu, na nina furaha kwamba hatimaye liliulizwa mahali penye kalamu.

Uingereza kazi iliendelea katika nyumba za vioo za Nottingham huko Sutton Bonington, na hapo likajitokeza jambo ambalo mkulima wa Dodoma asingeweza kuligundua kwa sababu halimsumbui. Dodoma iko nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta. Mchana wake wa Desemba na wa Juni haupishani hata saa moja. Uingereza mchana wa kiangazi hupita saa kumi na sita. Mmea wa njugu mawe ukiwekwa kwenye mchana mrefu huchanua, lakini ganda halijazi, kana kwamba unasubiri jua lizame ndipo ufanye kazi. Mholanzi Anita Linnemann wa Wageningen alikwishaonyesha jinsi urefu wa mchana unavyozuia ujazaji wa punje. Kwa hiyo watafiti waliifunika mimea kwa mapazia meusi ili ipate saa kumi na mbili za mwanga na kumi na mbili za giza. Walilazimika kuitengenezea mbegu ya Dodoma machweo ya Dodoma.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa kupandanisha. Ua la njugu mawe ni dogo, la manjano hafifu, limejificha chini karibu na udongo, na hujichavusha lenyewe kabla mtu hajawahi. Baada ya kutungwa, kikonyo hurefuka na kulisukuma tunda ardhini. Kuingiza chavua ya mmea mwingine kunahitaji kulifungua ua likiwa bado limefumba, kuondoa vyote vya kiume kwa koleo nyembamba, kupaka chavua, na kuomba Mungu, maana nyingi hudondoka. Ndiyo maana karne nyingi hakuna aliyewahi kuzaa mbegu mpya kwa kusudi. Kila aina iliyopo ilipatikana kwa mkono wa mama aliyechagua, na kwa mabadiliko ya asili. Miongoni mwa waliofungua njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni Mtanzania, Festo Massawe, aliyefanya shahada yake ya uzamivu Nottingham na baadaye akawa profesa katika tawi la chuo hicho huko Malaysia. Pamoja na mtafiti mwenzake Sean Mayes na wanafunzi wao, walifika mahali pa kuwa na vizazi halisi vya kupandanishwa, na mojawapo ya ndoa hizo ni ya nyekundu ya Dodoma na S19-3 ya Namibia. Watoto wake wamepandwa na kunyimwa maji kwa makusudi, ili ionekane ni sehemu gani ya vinasaba inayomwezesha mmoja kustahimili pale mwingine anapokauka.

Nafikiri mara nyingi juu ya ndoa hiyo. Kongwa Waingereza walileta karanga ili zitoe mafuta, wakashindwa na ukame. Miaka hamsini baadaye wasomi wa nchi ileile walikuwa wakiihoji njugu ya jirani wa Kongwa ili iwafundishe ukame wenyewe.

Kisha ikaja teknolojia ya kusoma vinasaba. Mwaka 2011 ulitangazwa ushirika unaoyashughulikia mazao 101 ya Afrika yasiyopewa nafasi, makao yake Nairobi, na tangu 2013 wataalamu wa mbegu kutoka nchi nyingi za Afrika wamefundishwa hapo. Mwaka 2019 jarida la GigaScience lilichapisha jenomu za mimea mitano ya kwanza katika orodha hiyo: njugu mawe, fiwi, mlonge, mng'ongo, na ule mgunga wa Faidherbia unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuyachipua kiangazi. Toka Dodoma uelekee Kondoa utahitaji siku moja tu kuionyesha yote kwa kidole. Mlonge unauzwa unga wake kama lishe na kama dawa, mng'ongo magamba yake huchemshwa kwa ajili ya tumbo, fiwi hupikwa, mgunga hulisha mbuzi kwa maganda yake. Katika mada za wataalamu mimea hii huitwa mazao yatima. Neno hilo sijawahi kulizoea. Yatima ni asiye na wa kumtunza, na haya yametunzwa, ila hatukumwandika mtunzaji.

Benki za mbegu nazo zimejaa: taasisi ya IITA, Ibadan, ina sampuli zipatazo elfu mbili za njugu mawe, na Tanzania ina kituo chake cha taifa cha nasaba za mimea Arusha. Ni bima njema, hasa baada ya kilichotokea miaka ya vijiji. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mbegu iliyoko kwenye jokofu na ile iliyoko kijijini, nayo inahusu DodR moja kwa moja.

Ili mbegu itumike kwenye utafiti wa vinasaba lazima iwe safi. Watafiti huchukua mmea mmoja, wakapanda uzao wake, wakachagua tena mmoja, vizazi kwa vizazi, mpaka mimea yote ifanane kama mapacha. DodR ya maabara ni ya namna hiyo. Aina ya kienyeji ni mchanganyiko: jina ni moja, na rangi inayotawala ni moja, lakini ndani yake zimo nasaba nyingi zinazoishi pamoja, nyingine za mapema, nyingine za kuchelewa, nyingine zinazotaka maji zaidi kidogo. Mwaka wa mvua nzuri hizi zitazaa sana; mwaka mbaya zile zitabaki.

Fungua kilindo cha mbegu wakati wa kupanda utaiona hali hiyo bila darubini. Nyekundu ndizo nyingi, lakini zimo pia za rangi ya maziwa, nyeusi mbili tatu, na moja yenye madoa kuzunguka jicho lake. Mama anachambua kwa kidole, anatupa iliyotobolewa na wadudu. Ile ya madoa anaiangalia, anairudisha pamoja na wenzake.